Kubadilisha Kapasita Iliyovimba kwenye Pawa Saplai na Kuipima Kabla ya Kuiamini

"Shikamoo fundi. Nimebadilisha kapasita mara mbili na zote zimevimba," aliniambia kijana mmoja kutoka Tengeru alipoweka bodi ya runinga mezani kwangu, hapa Ngarenaro. Nilipoitikia, nilimwuliza alinunua za volti ngapi. Akajibu kwamba volti hakuziangalia. Aliangalia umbo, kwa kuwa ile mpya ilitoshea vizuri kwenye matundu ya ile ya zamani. Laini ile, yaani njia ya kutolea umeme kwenye pawa saplai, ilikuwa ya volti 12, na kapasita aliyoichomelea ilikuwa imeandikwa volti 10.

Kosa hilo, pamoja na ndugu zake wawili au watatu, ndilo linalowarudisha watu wengi dukani kila baridi ya Juni na Julai inapoingia Arusha. Baridi hufichua kapasita iliyochoka, kwa sababu ukinzani wake wa ndani huongezeka majimaji yaliyomo yanapopoa. Ndiyo maana runinga hupepesa taa nyekundu asubuhi, hukataa kuwaka, kisha mchana jua likishapasha nyumba huwaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Mwenye kifaa hufungua, huona kapasita imevimba, huweka inayofanana nayo na kuchomeka moja kwa moja ukutani bila kupima chochote. Katika mwongozo huu kazi ya kuchomelea ni fupi. Sehemu kubwa ni vipimo vinavyotangulia na vinavyofuata, kwa kuwa hapo ndipo kazi hii inapofaulu au kuharibika.

Ikiwa hujawahi kushika pasi ya kulehemu, jizoeze kwanza kwa kung'oa na kurudisha spea kumi katika bodi mbovu ya redio. Bodi ya pawa saplai, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kifaa, si mahali pa kujifunzia.

Vifaa vya kuandaa

- Multimita yenye kupima volti 600 au zaidi za mkondo mnyoofu (DC), yenye alama ya dayodi na, ikiwezekana, yenye kupima maikrofaradi. Kagua waya zake. Zikiwa zimechubuka, badilisha.
- Kipimaspea kidogo chenye kioo na soketi ya kubana miguu ya spea. Kinapima maikrofaradi na ukinzani wa ndani wa kapasita, ambao huonyeshwa kwa herufi ESR. Unaweza kufanya kazi bila hiki, lakini utabahatisha zaidi.
- Rezista ya omu 10,000 yenye wati 5, iliyounganishwa kwenye waya mbili zenye vishikio vya plastiki.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, lehemu yenye risasi, flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) na pampu ya kunyonya lehemu.
- Globu mbili za filamenti, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, pamoja na kishikio chake na soketi moja. Taa ya LED haifai kwa kazi hii.
- Globu za gari za volti 12: ndogo ya wati 5 na ya breki ya wati 21. Duka lolote la spea za magari linazo.
- Spiriti ya isopropili isiyo na maji mengi, mswaki wa zamani, miwani ya kukinga macho, na simu ya kupigia picha.

Kapasita yenyewe usiinunue bado. Hatua ya nne itakueleza ya kununua.

Hatua ya 1: Chomoa, fungua, piga picha

Chomoa plagi kabisa kutoka ukutani. Kuzima swichi ya soketi au ya ekstensheni hakutoshi, kwa sababu swichi iliyochakaa inaweza isikate umeme, na iliyounganishwa kinyume inaweza kuukata waya wa nyutro na kuuacha waya wa moto ukiwa hai ndani ya kifaa.

Ukishafungua kifuniko, piga picha kutoka juu na kutoka pande zote mbili, kwa karibu kiasi cha kusoma maandishi ya kila kapasita na kuona upande ulipo mstari wake wa hasi. Bodi nyingi hutia rangi nusu ya duara upande wa hasi, lakini zipo zinazofanya kinyume. Picha ndiyo itakayokuokoa utakapobaki na matundu mawili na mashaka.

Hatua ya 2: Toa chaji ya kapasita kubwa

Hatua hii usiiruke hata kama kifaa kimechomolewa tangu jana.

Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini ukishapita kwenye daraja la dayodi (dayodi nne zinazougeuza kuwa mkondo mnyoofu), kapasita kubwa hujaa hadi kilele cha umeme huo, ambacho ni takriban volti 325 za mkondo mnyoofu. Hiyo ndiyo kapasita nene kuliko zote, yenye maandishi ya volti 400 au 450. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba pawa saplai iliyokufa inaweza kuwa hatari kuliko nzima. Ile nzima, ukiichomoa, huendelea kufanya kazi kwa sekunde chache na kuimaliza chaji yenyewe. Iliyokufa haina kinachoitumia chaji hiyo, kwa hiyo inaweza kuitunza kwa muda mrefu ikikusubiri wewe na kidole chako.

Vaa miwani, weka mkono mmoja mbali na bodi, kisha gusisha ncha mbili za rezista kwenye miguu miwili ya kapasita hiyo chini ya bodi. Kwa kapasita ya maikrofaradi 220, chaji hushuka hadi volti mbili hivi katika sekunde 11. Mimi hushikilia kwa sekunde 20. Halafu pima kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ukisoma chini ya volti 5, endelea. Subiri dakika moja upime tena, kwa maana kapasita kubwa hurudisha volti kidogo yenyewe baada ya kutolewa chaji. Ikiwa imepanda, rudia.

Usitumie bisibisi kuunganisha miguu hiyo. Cheche yake hurusha vipande vya chuma vilivyoyeyuka, huunguza njia za shaba kwenye bodi, na inaweza kuua kapasita iliyokuwa nzima.

Hatua ya 3: Tafuta mbovu zote, si moja

Kapasita iliyovimba huonekana kwa kifuniko chake cha juu, chenye mikato ya msalaba au ya herufi K, kuwa kimeinuka mgongo badala ya kuwa bapa. Pitisha ncha ya kidole juu ya kila moja. Kidole huhisi mwinuko ambao jicho halijauona bado. Nyingine haivimbi juu bali husukuma mpira wake wa chini, ikainama upande mmoja kama jino linalotaka kung'oka. Tazama pia majimaji ya kahawia chini yake, na unuse: majimaji ya kapasita yana harufu kali inayokaribia ya samaki. Usichanganye na gundi ambayo kiwanda huweka kushikilia spea. Gundi hukauka na kupasuka ukiikwaruza, ilhali majimaji huacha utelezi na kuitia shaba kutu ya kijani.

Kapasita yenye umbo zuri inaweza kuwa mbovu vilevile. Ikiwa moja imevimba katika laini fulani, ng'oa na upime zote za laini hiyo, kwa maana zimeishi katika joto lilelile kwa muda uleule. Kipimo kinachofanywa kapasita ikiwa bado kwenye bodi hudanganya, kwa sababu spea za jirani huingia kwenye hesabu. Ikishang'olewa, kapasita nyingi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Yenye maandishi 1000 ikisoma 620, imekwisha. Ikisoma 930, usiifurahie kabla ya kuangalia ukinzani wa ndani. Ya maikrofaradi 1000 iliyo nzima, ya aina inayowekwa kwenye pawa saplai, inatakiwa iwe chini ya omu 0.1. Ikizidi nusu omu, itupe, hata kama kifuniko chake ni bapa kama meza.

Asiye na kipimaspea atumie mita ya mshale kwenye omu: mshale huruka kisha hurudi polepole. Mshale usiporuka, kapasita imekauka. Ukiruka na kubaki hukohuko, imeshoti. Kipimo hiki hukamata zilizokufa kabisa, si zilizochoka.

Kabla ya kuondoka hapa, pima fyuzi. Fyuzi iliyokatika, hasa ikiwa kioo chake kimekuwa cheusi, inakueleza kwamba kuna shoti upande wa umeme wa ukutani. Weka mita kwenye alama ya dayodi na upime dayodi nne za daraja: kila moja isome kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja na isisome kitu upande mwingine. Pima pia transista kubwa iliyofungwa kwenye chuma cha kupooza. Ikiwa mojawapo inasoma sifuri pande zote, kapasita mpya haitakusaidia. Shughulikia shoti hiyo kwanza.

Hatua ya 4: Chagua kapasita mpya kwa maandishi yake

Hapa ndipo kijana wa Tengeru alipoangukia, na hapa ndipo ninapokuomba utulie kuliko mahali pengine popote. Umbo la kapasita linakueleza tu kama itaingia ndani ya kifuniko. Kama itadumu, utajua kwa kusoma mambo matatu yaliyoandikwa ubavuni.

La kwanza ni volti. Chukua sawa na ya zamani au zaidi, kamwe isiwe pungufu. Kwa laini ya volti 5, weka ya 10 au 16. Kwa laini ya volti 12, ya 16 inaruhusiwa, lakini mimi huweka ya 25 ikiwa nafasi ipo. Kwa laini ya volti 24, weka ya 35. Kapasita kubwa ya upande wa ukutani iwe ya 400 au 450 kama ilivyokuwa. Kapasita iliyozidiwa na volti huvuja umeme kwa ndani, hupata joto, majimaji hugeuka gesi na kifuniko huinuka, na hivyo ndivyo zilivyovimba mbili za kijana yule.

La pili ni maikrofaradi. Weka sawa na iliyokuwepo. Ukikosa, ongezeko dogo kwenye laini za kutolea umeme halina madhara, kama kuweka 1200 mahali pa 1000. Kapasita kubwa ya upande wa ukutani usiiongeze kwa kudhani utapata nguvu zaidi. Kila unapowasha huvuta mkupuo mkubwa wa umeme, na dayodi za daraja ndizo zinazolipa.

La tatu ni joto. Nunua iliyoandikwa 105°C, na umwombe muuzaji ya ukinzani mdogo wa ndani. Ya 85°C ni ya bei nafuu na ndiyo hujaa dukani, lakini ndani ya pawa saplai, karibu na chuma cha kupooza, maisha yake ni mafupi. Kanuni inayojulikana na mafundi wa umeme ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza huongeza maisha ya kapasita takriban mara mbili, kwa hiyo tofauti ya 85 na 105 si ndogo.

Baada ya hayo ndipo uangalie umbo. Yenye kipenyo cha milimita 10 kwa kawaida huwa na miguu iliyoachana milimita 5, na ya milimita 8 huachana milimita 3.5. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Nakusihi usichukue kapasita kutoka bodi za skrepa kwa ajili ya laini za kutolea umeme. Nazo zimetumika, na hujui zimebakiza nini.

Hatua ya 5: Ng'oa ya zamani

Pasha pasi hadi nyuzi 350 hivi. Weka flaksi, kisha ongeza lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ya zamani kwenye kila mguu. Inaonekana ajabu kuongeza kitu unachotaka kukiondoa, lakini lehemu isiyo na risasi inayotumiwa na viwanda vingi huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, ilhali yenye risasi huyeyuka karibu na 183, na mchanganyiko wa hizo mbili huyeyuka upesi bila kuichosha bodi.

Pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita kidogo upande wa pili, kisha badilisha mguu, taratibu, hadi itoke. Usikae kwenye kiungo kimoja zaidi ya sekunde nne au tano. Kikikataa, acha kipoe kwanza. Mguu wa hasi mara nyingi umeshikana na shaba pana inayonyonya joto, kwa hiyo huo ndio utakaochelewa. Ukivuta kwa nguvu kabla lehemu haijayeyuka, utaondoka na kiduara cha shaba. Hilo likikutokea, kazi haijaharibika: fuata njia ya shaba hadi spea inayofuata na uunganishe mguu huko kwa kipande cha waya.

Nyonya lehemu kwenye matundu hadi uone mwanga upande wa pili. Kisha sugua eneo lote kwa spiriti na mswaki, kwa sababu majimaji yaliyomwagika hupitisha umeme na huendelea kula shaba hata baada ya kapasita kuondoka. Shaba ikibaki ya kijani, ikwaruze polepole hadi ing'ae na uipake lehemu. Acha ikauke vizuri.

Hatua ya 6: Pima mpya, kisha iweke

Pima kapasita mpya kabla ya kuichomelea. Zipo za bandia zilizovikwa plastiki yenye maandishi makubwa, na zipo halali zilizokaa rafuni miaka mingi hadi zikadhoofu. Dakika moja ya kupima hapa huokoa saa nzima baadaye.

Mguu mrefu ni chanya. Mstari wenye alama ya kutoa ubavuni ni upande wa hasi. Linganisha na picha yako, si na kumbukumbu yako. Kapasita iliyogeuzwa inaweza kupasuka ndani ya sekunde chache tangu umeme uwashwe. Isukume hadi ikae wima juu ya bodi, na ikiwa jirani yake ni chuma cha kupooza, hakikisha haikigusi.

Chomelea kwa kupasha mguu na shaba kwa pamoja, kisha lete lehemu. Kiungo kizuri hung'aa na huteremka kuelekea kwenye shaba kama kichuguu kidogo. Kilichojiviringa kama tone la maji kwenye jani la mgomba hakijashika. Kata miguu iliyozidi, na uhakikishe vipande havikubaki chini ya bodi.

Hatua ya 7: Washa kupitia globu

Tengeneza kitu hiki mara moja na utakitumia maisha yako yote: katika waya wa kwenda kwenye soketi ya majaribio, kata waya wa moto wenye rangi ya kahawia na uunganishe kishikio cha globu katikati yake. Waya wa buluu na ule wa kijani na manjano viende moja kwa moja. Sasa kila umeme unaoingia kwenye pawa saplai ni lazima upite kwenye globu kwanza. Kukiwa na shoti, globu huwaka na kuuchukua umeme huo yenyewe badala ya bodi kulipuka.

Weka globu ya wati 60 kwa pawa saplai ndogo ya king'amuzi, au ya wati 100 kwa ya runinga. Vaa miwani, sogeza uso mbali, kisha washa.

Globu ikimulika mara moja na kufifia au kuzima, ni dalili njema: mmuliko ule ni kapasita kubwa inayojaa. Globu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima mara moja, toa chaji kama ulivyofanya mwanzo, na urudi kwenye dayodi na transista. Globu ikipepesa, ama saplai inahitaji umeme mwingi kuliko globu inavyoruhusu, ama laini mojawapo imeshoti. Jaribu kwanza ya wati 100 kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 8: Pima volti, kisha iwekee mzigo

Bodi ikiwa hai, bana waya mweusi wa mita kwenye hasi ya laini za kutolea umeme na upime kwa mkono mmoja tu. Usitumie hasi ya kapasita kubwa. Pande hizo mbili zimetenganishwa na transfoma kwa ajili ya usalama wako. Laini ya volti 12 isome kati ya 11.4 na 12.6, na ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai ya kompyuta haitatoa volti hizo mpaka uunganishe waya wa kijani na mmoja mweusi kwenye plagi yake kubwa.

Volti nzuri bila mzigo hazithibitishi kitu. Kapasita yenye ukinzani mkubwa wa ndani hutoa 12 kamili ikiwa haina kazi, na huanguka mara kazi inapoanza. Kwa hiyo zima, ondoa globu ya ukutani katika njia kwa kuwa imemaliza kazi yake, unganisha globu ya gari ya wati 5 kwenye laini ya volti 12, uwashe na upime. Halafu tumia ya wati 21, ambayo huvuta takriban ampia 1.75. Soma kwanza kwenye bodi kama laini hiyo inaruhusu ampia 2. Usianze na ile kubwa, kwa sababu filamenti ikiwa baridi huvuta zaidi sana kwa kitambo, na saplai nzima inaweza kujizima kwa kujilinda.

Andika volti uliyoisoma mwanzoni, acha globu ikiwaka kwa dakika 30, upime tena. Tofauti ya volti 0.1 si neno. Ikiwa inashuka taratibu, au globu inatetemeka mwanga, kuna kapasita nyingine uliyoiacha. Baada ya hapo chomoa, toa chaji, na uguse kapasita mpya kwa kidole: uvuguvugu ni sawa, lakini ikikulazimisha kuondoa kidole, inateseka, nawe rudi hatua ya nne.

Hatua ya 9: Rudisha mahali pake

Piga vumbi kwa brashi kavu kabla ya kufunga, hasa kwenye matundu ya hewa. Mama zetu hupenda kutandika kitambaa cha kufuma juu ya runinga na king'amuzi, na kinapendeza. Mwombe mama kwa heshima akitandike kwenye meza, chini ya kifaa, mahali kisipoziba matundu, kwa sababu joto lililofungiwa ndilo lililoiua kapasita ya kwanza.

Washa asubuhi inayofuata kabla jua halijapanda, wakati nyumba ina baridi. Taa nyekundu ikitulia na picha ikaja kwa mkupuo mmoja, kapasita imeshika.